Chupa ya Kidoti

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo kaja binti wa chuo, Dina. Suruali, gambuti, miwani. Shikamoo yake safi. Anatafiti kama moshi tunaofukizia vibuyu vya maziwa unaua vijidudu. Nikamwambia utafiti huo bibi yangu aliumaliza bila kalamu! Akacheka, akaandika. Eti siku za mbele mtindi wa kibuyu utauzwa mijini kwa pakiti. Makubwa!

Akachukua chupa ya maziwa ya Kidoti, ng'ombe wangu, na ya ng'ombe wa Simeoni, jirani na mtani wangu. Simeoni akatamba: yangu mazito, yako Mrisho maji ya kunawia. Haya. Binti alipogeuka kunawa, nikabandua karatasi za majina, nikazibadilisha. Tuone nani ana maji!

Jumatano, 19 Juni

Nyama ya Idi bado naitafuna — meno matano, kazi ipo. Dina karudi na majibu. Moshi unasaidia maziwa yasiharibike upesi, ila hauui kila kitu. Kisha akamvuta Simeoni pembeni. Nami nikasogeza kigoda. Maziwa yake yana brusela, ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Watu nao unawapata: homa, jasho, viungo. Kwa mjamzito ni hatari zaidi. Achemshe kila tone, daktari wa mifugo atakuja kupima damu. Yangu salama! Simeoni kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Nimecheka mpaka msuli ukalegea.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeacha kucheka. Nilikuwa nakamua, zikanijia zile karatasi. Chupa mbovu ni ya Kidoti. Mwaka jana Kidoti alitupa mimba — nikasema ni kijicho cha Simeoni.

Na Rahma je! Mke wa mjukuu wangu Sultani, mimba ya miezi sita. Namwita mke wangu, ananiita bwana harusi kibogoyo. Kila asubuhi nampa kikombe cha maziwa mabichi, ya vuguvugu toka kiweleni, kwa mkono wangu huu. Nilimwambia ya kuchemsha ni ya wagonjwa.

Ijumaa, 21 Juni

Nimemwaga maziwa yote, nikasingizia paka. Rahma akauliza paka gani huyo anayerudisha mfuniko. Halafu akakaa chini, akashika kiuno. Viungo vinamuuma tangu juzi, jasho linalowesha kanga. Nikamwambia twende zahanati. Kwa mafua haya, babu? Nikasingizia adhana, nikatoka. Miaka sabini na nane, nakimbia kama mtoto! Msikitini rakaa zimenipotea.

Jumamosi, 22 Juni

Rahma anawaka homa. Sultani yuko safarini na lori, simu haipatikani. Nimeita bajaji itupeleke hospitali, Kiomboi. Watauliza amekunywa nini. Nitasema. Wallahi nitasema! Nimejifungia chumbani niyaandike kwanza, nione yanavyokaa. Yanakaa vibaya.

Maziwa ya leo yamo kwenye kibuyu. Sikuwa na paka wa pili.

Hodi — si bajaji. Ni Simeoni. Namsikia uani, sauti ya chini, bila utani hata kidogo: mwanangu Rahma, ng'ombe wangu ndiyo hivyo tena, mgonjwa. Mke wangu Maria hajala tangu jana, anataka maziwa tu. Nigawieni hata kikombe cha yale ya mzee, yaliyopimwa.

Rahma anajikongoja. Yapo, baba, karibu. Lete chombo.

Kibuyu kinatikiswa.