Nywele za Ndinda

Jumatatu, 4 Februari 1957

Mukonyo, mama anayefanya kazi kiwanda cha mkonge, amemleta binti yake leo. Ndinda, miaka tisa, chotara. Baba yake ni Mhindi mwenye duka hapa Thika, na hamtambui mbele za watu. Shule ya Wahindi imemkataa kwa sababu mama ni Mkamba. Shule mbili za Waafrika zimemkataa kwa sababu baba ni Mhindi. Mukonyo alisimama mlangoni kwangu akasema, "Mwalimu, niambie basi nimpeleke wapi. Au nimngoje akue ajijengee shule yake?"

Nikacheka. Nikamwandika Darasa la Tatu.

Nywele zake zinafika kiunoni, mkia mmoja, zinang'aa mafuta ya nazi. Mukonyo anasema kila Jumamosi bibi yake Ndinda, mama wa mwenye duka, humwita uani nyuma ya duka, akampaka mafuta na kumsuka. Lugha hawaelewani. Mwanawe akiingia, bibi humwachia mtoto na kujifanya anapepeta mchele. Undugu wao wote uko hapo, katika kusukana.

Alhamisi, 7 Februari

Kamati ya shule imekaa. Nilijua itakuwa hivi. Mzee Simeon, mwenyekiti, hakupandisha sauti—hapandishi kamwe. Aliuliza tu: "Mwalimu Munyao, kwenye maduka ya Wahindi sisi hununulia wapi?" Nikasema, dirishani. "Na shule yao ni ya nini?" Ya mawe. "Na hii yetu?" Ya udongo, Mzee. "Basi wao wakimtupa mtoto, sisi ndio jaa?"

Ni uchungu wa kweli. Mimi mwenyewe nimefukuzwa kwenye baraza ya hoteli hapa mjini nikiwa na tai shingoni, nikaambiwa nizunguke nyuma, jikoni.

Tukabishana mpaka jua likazama. Mwishowe Simeon akalegea: akae, lakini awe kama wasichana wengine. Nywele zile ziende.

Nikakubali. Niliona ni ushindi. Wasichana wetu wote hunyolewa, kwa ajili ya chawa, na kanuni ikiwa moja kwa wote hakuna wa kulalamika. Hivyo ndivyo nilivyojieleza njiani kuelekea nyumbani. Naweza kueleza jambo lolote nikipewa njia ndefu ya kutosha.

Ijumaa, 8 Februari

Nimemkata.

Mwalimu Wangeci, wa darasa lake, alikataa kushika mkasi. Alisema mkono unamuuma. Mkono haumuumi. Kwa hiyo nikashika mimi.

Nilimweleza Ndinda kwanza, polepole, kama ninavyoeleza hesabu. Nikamwambia si adhabu. Nikamwambia si kwa sababu ya baba yake. "Ni utaratibu tu." Akaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Hakulia. Alishika mkia wake mbele ya kifua kwa mikono miwili, ikabidi nimfungue vidole.

Mkia nimeufunga kwenye gazeti, nikauweka kabatini kwenye chaki. Kuutupa sikuweza.

Jumatatu, 11 Februari

Nilidhani akiwa na kichwa kama cha wenzake watamsahau. Wamepata wimbo. Mumbi wa darasa lake ndiye anayeuanzisha, ana sauti nzuri mtoto yule:

"Mhindi kipara, pima sukari! Mhindi kipara, bei gani chumvi?"

Nikamwita Mumbi. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Lakini Mwalimu, hata wewe ulimwona hafanani na sisi. Ndiyo maana ukamkata."

Nikamwambia arudi darasani.

Jumatano, 13 Februari

Ndinda hakuja. Jana pia.

Jumamosi, 16 Februari

Mkutano wa walimu, Ruiru, kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja. Mada: jinsi jamii za nchi hii zitakavyoelewana. Mada nzuri. Tulikaa saa tatu tukisikiliza.

Ikaja chai. Wazungu barazani, vikombe vya kaure. Walimu wa Kihindi upande wa ukuta, mabilauri. Sisi nyuma ya ghala, vikombe vya bati, na mbwa.

Mwalimu mmoja kijana kutoka Mugutha akauliza kwa nini. Afisa wa elimu alikuja mpaka ghalani kumjibu. Si mtu mbaya. Alitabasamu, akainama kidogo, akaeleza polepole kwamba si ubaguzi hata kidogo, ni utaratibu tu.

Wangeci alikuwa kando yangu, anapuliza chai yake. Hakunitazama. "Mwalimu," akasema, "anaongea kama wewe."



Jumapili, 17 Februari

Baada ya kanisa nimekwenda kwa Mukonyo, Makongeni. Alikuwa anafua. Hakunipa kiti. Mkamba kumnyima mgeni kiti! Nilistahili.

Amenieleza. Jumamosi ile, kesho yake baada ya kukatwa, Ndinda alikwenda uani kwa bibi yake kama kawaida. Bibi alitoka na chupa ya mafuta. Akaona kichwa. Chupa ikamponyoka. Akauliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Nani kufa? Nani kufa?" Maana kwao kichwa hunyolewa kwa msiba. Mtoto akakimbia. Hajarudi huko tangu siku hiyo.

Kwao, naandika—na kwetu je? Mama yangu alinyolewa baba alipofariki. Nilikuwa nimesimama pale, nikaziona nywele zikianguka juu ya ngozi ya mbuzi. Nilijua maana ya wembe kabla ya kujua kusoma. Halafu nikasoma sana, nikashika mkasi, nikaita kanuni.

Nikamwomba Mukonyo msamaha. Akasema, "Si mimi uliyemkata." Akamwita Ndinda kutoka ndani. Kitambaa kichwani. Nikamwambia nimekosa, nikamwomba arudi, nikaahidi hakuna atakayemgusa.

Alifikiri. Mtoto huyu hufikiri kabla ya kusema, ningependa kumfundisha.

"Nikirudi, Mwalimu, mtakata nini tena?"

Jumatatu, 18 Februari

Naandika ofisini, mchana, jambo nisilolifanya kwa kawaida.

Asubuhi paredini nimewaambia watoto na walimu. Kwa ufupi, mara moja katika maisha yangu. Kwamba Ndinda alikuja shuleni kwetu akiwa mzima, nami nikamkata ili tumstahimili. Kwamba kosa halikuwa kichwani kwake, lilikuwa machoni mwetu, nami nikalipigia muhuri. Msichana yeyote akitaka kufuga nywele, afuge, azitunze. Mumbi alianza kulia. Sikumwambia anyamaze. Baadaye alinijia mwenyewe mlangoni, akaomba ruhusa kwenda Makongeni kumwita Ndinda. Nikampa.

Saa nne bibi akafika.

Hakuna Mhindi aliyewahi kuingia lango hili. Nguo nyeupe, miguu ina vumbi, ametembea toka dukani kwenye jua. Chupa mpya ya mafuta mkononi. Madirisha yote yakajaa vichwa. Na Mzee Simeon, aliyekuwa amekuja kuniuliza nimetangaza nini paredini bila kamati, akasimama katikati ya uwanja.

"Huyu naye ananunua nini hapa? Dirisha letu liko upande ule."

Watu wawili wakacheka. Bibi hakuelewa, au alielewa. Alimpita, akaja kwangu.

"Toto ya Mukonyo. Nani kata?"

Walimu wote wakatazama chini. Nikafungua kinywa. Nikasikia maneno yanakuja, yamepangwa vizuri, chawa, kanuni, kamati—

"Ni mimi, mama."

Alinitazama mikono, si uso. Akauliza, "Nywele?"

Nikaenda kabatini. Nilimpa gazeti kwa mikono miwili, chaki imelipaka weupe. Hakulifungua. Alilitia kwapani, akaketi kwenye benchi la kamati nje ya ofisi, chupa magotini. "Mimi ngoja," akasema.

Wangeci akamletea maji katika kikombe cha bati, cha watoto. Sijui desturi yao inasemaje kuhusu kunywea chombo cha watu wengine. Alikishika muda mrefu. Akanywa.

Simeon bado yuko uwanjani. Hajaondoka. Amevua kofia, nadhani ajifute jasho.

Sasa naona wasichana wawili barabarani. Vichwa viwili vimenyolewa sawasawa, na kwa umbali huu singeweza kujua nani ni nani. Ndivyo nilivyotaka. Wamefika langoni. Mumbi ameingia, anamvuta mwenzake mkono. Mwenzake haji. Kitambaa amekishika mkononi. Bibi hajawaona bado, amewapa mgongo. Simeon amewaona.

Ndinda hamtazami Mumbi wala Simeon. Anatazama dirisha hili, ananingoja nitoke, na mimi bado nimeshika kalamu.