Mpira Uliodunda Mara Mbili

Queensbury, London

Shikamoo Baba,

Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri na kifua kimetulia, maana najua miezi hii ya baridi huko Mafinga huwa haikuachi. Mama aliniambia umeanza tena kwenda shambani alfajiri. Sikukatazi, ila vaa sweta. Mimi mzima. Kazi inaendelea, wazee ninaowahudumia kwenye nyumba ya kulelea, wengine wananipenda na wengine wananifukuza, na siku zinakwenda. Huku ni kiangazi sasa, tunakula chakula cha jioni jua likiwa bado juu.

Usishangae nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu mtandao unakatika, na Mama akishaichukua hairudi kwako. Na jambo lenyewe linataka mtu atulie. Wewe ndiye uliyenizoesha kukaa kando ya redio kusikiliza mechi, kwa hiyo hili nimekuwekea wewe.

Unamkumbuka Bi Kusum, mwenye nyumba wangu, yule mjane wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza. Kiswahili chake bado kipo, na akikasirika ndiyo kinanyooka zaidi. Chumba kinachotazamana na changu kilikuwa kitupu. Mwezi wa tano akaja msichana wa Kichina, peke yake, amebeba begi refu kuliko mgongo wake. Nikadhani ni mpiga muziki. Kumbe ndani ni raketi za tenisi. Jina lake Meilan, ana miaka kumi na tisa.

"Kupiga mpira ndiyo kazi yake?" Bi Kusum aliniuliza jikoni.

"Anasema ndiyo kazi."

"Na mama yake yuko wapi, mtoto mdogo hivi?"

Hilo tulikuja kulijua kidogo kidogo, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na mikono yake ikisaidia. Alichukuliwa nyumbani akiwa bado hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Mwalimu aliingia darasani kwao, akapima watoto urefu wa mikono, akamwonyesha kidole yeye. Akapelekwa shule ya bweni ya michezo na huko ndiko alikokulia. Baadaye akaingia timu ya jimbo lao, ambako mtu ana kitanda, ana chakula, na akichoka kucheza anapewa kazi ya kufundisha. Mwaka jana akaiacha. Alitaka azunguke dunia mwenyewe, achague mashindano yake, ajue anafika wapi.

Baba yake anaendesha kreni bandarini. Alimwambia, "Umetoka kwenye nyumba yenye paa, unakwenda kusimama kwenye mvua." Tangu siku ile walikuwa hawajazungumza. Aliyekuwa akimpigia simu ni mama yake tu. Kocha aliyeanza naye safari akapata mchezaji mwingine, akamwacha Ulaya kabla ya kiangazi. Akaendelea peke yake. Alimwahidi mama yake kwamba akishindwa kuingia kwenye yale mashindano makubwa ya tenisi yanayochezwa kwenye nyasi hapa London, atarudi akafundishe watoto kwenye shule ileile iliyomlea.

Baba, sikuwahi kuujali mchezo huo. Nilianza kumwangalia kwa sababu ya kelele. Nyuma ya nyumba yetu kuna gereji zenye ukuta wa matofali, na siku ambazo hakupata uwanja alikuwa anaupigia ukuta ule mpira. Nikaenda kutupa taka, nikasimama. Mpira ulikuwa unagonga tofali lilelile, unarudi, unagonga tofali lilelile. Mvua ya rasharasha ikaanza, hakuinua hata kichwa. Jirani akatoka kulalamika. Bi Kusum naye akatoka, amejifunga shali, akamwambia yule bwana kwamba mbwa wake hubweka tangu asubuhi na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Bwana akarudi ndani.

Jioni moja nikamkuta Meilan amekaa kwenye ngazi, anajaribu kuvua soksi na haitoki. Nikampeleka jikoni, nikaloweka miguu yake kwenye maji ya uvuguvugu na chumvi. Unajua kazi yangu, miguu nimeona mingi. Lakini ile ilikuwa miguu ya mtu aliyetembea maisha mazima, imewekwa kwa msichana. Kucha nyeusi, malengelenge juu ya malengelenge. Nikamuuliza kama inauma. Akafikiri kwanza.

"Ikiuma najua iko," akasema.

Nikamfunga bendeji, nikamwandalia ugali na mchicha, akala mpaka mwisho na kuuliza mchicha ule unapatikana wapi.

Sasa, watu wa daraja lake hawaingii moja kwa moja kwenye mashindano makubwa. Wanapitia mchujo, mechi tatu mfululizo, na ukipoteza moja unafunga begi. Ya kwanza akashinda, ya pili akashinda. Ya tatu iliangukia siku yangu ya mapumziko, na Bi Kusum akasema mtoto hawezi kwenda vitani bila mtu wa nyumbani. Tukapanda treni na basi, yeye na kikapu chake cha chapati na chupa ya chai.

Sisi tulikaa karibu kabisa na nyasi. Mpinzani wake alikuwa mwanamke mrefu, mzoefu, ana kocha, ana mtu wa kumkanda misuli, ana familia yenye kofia zinazofanana. Meilan alikuwa na sisi. Kwenye televisheni, Baba, huwezi kujua mpira ule unakwendaje. Ukiwa karibu unausikia ukipita, na unajiuliza binadamu anawezaje kuuona, achilia mbali kuurudisha. Yeye aliuona. Akapoteza seti ya kwanza, akachukua ya pili, wakaingia ya tatu na ya mwisho.

Akawa mbele. Pointi mbili tu zilibaki ashinde. Yule mrefu akaudondosha mpira kwa ujanja karibu na wavu, Meilan akatoka nyuma kabisa, sijui alikimbiaje, akajinyoosha mpaka goti likagusa nyasi, akauchota ukavuka. Mwenzake hakuweza kuufikia. Watu wakapiga makofi, mwamuzi akatangaza pointi ni ya Meilan.

Meilan hakurudi kwenye nafasi yake. Alitembea mpaka chini ya kiti cha mwamuzi, akanyoosha vidole viwili.

"Mbili," akasema. "Ulidunda mara mbili."

Kwenye mchezo wao mpira ukidunda mara mbili upande wako umeupoteza. Mwamuzi akainama akamuuliza tena, naye akarudia. Pointi ikahamia kwa mwenzake.

"Mjinga huyu mtoto," Bi Kusum akasema, machozi yanamtoka. "Nani aliona?"

"Yeye aliona," nikamwambia.

Baada ya hapo mambo yakamgeukia. Akaupoteza mchezo ule, maana seti moja ina michezo mingi ndani yake, na uliofuata, mpaka yule mrefu akawa ndiye anayekaribia kushinda. Nilishindwa kuangalia, nikawa naangalia miguu yake tu, ile niliyoifunga mwenyewe. Haikupunguza mwendo. Ilikuwa inafika kila mahali mpira ulipokwenda, bila hasira, kama vile alivyokuwa mbele ya ule ukuta wa gereji. Taratibu akarudisha, akasawazisha, akapita. Mpira wa mwisho wa mwenzake ulipogonga wavu, Meilan hakuruka. Alichuchumaa akaweka kiganja juu ya nyasi.

Tulimkuta nje kwenye benchi, simu ikilia. Alipoona jina akasimama. Alizungumza maneno machache sana, zaidi alisikiliza. Alipokata, Bi Kusum akamuuliza ni nani.

"Baba yangu. Ameuliza kama nimekula."

Bi Kusum akampa chapati. "Halafu?"

Meilan aliishika chapati bila kuila. "Amesema, 'Ule mpira ulidunda mara mbili. Niliuona. Nilisimama nikingoja nione utafanya nini.'"

Kumbe tangu aondoke, baba yake alikuwa anatazama kila mechi yake kwenye simu, hata zile ndogo zisizo na watazamaji, na alimkataza mama mtu asiseme.

Kwenye mashindano yenyewe alipangiwa mmoja wa wakubwa wa dunia. Alifungwa mapema, sisi tukitazama sebuleni. Akarudi anacheka, akasema mipira ya mpinzani wake ni mizito kama mawe na sasa amejua uzito wake. Ameshaondoka kwenda mashindano mengine. Safari hii baba yake ndiye anayempigia, na Meilan anasema bado anauliza chakula tu.

Nisalimie Mama, mwambie dawa za macho nimeshampa mtu anayesafiri. Msalimie shangazi na biashara yake ya mboga, mdogo wangu aliyeko chuo cha ualimu, na mjomba fundi, mwambie nimeona picha ya mlango alioutengeneza, ni mzuri. Bi Kusum anakusalimu sana.

Nilitaka ujue, Baba, kwamba kitu hicho, msichana kukataa pointi isiyo yake, nilikiona kwa macho yangu, nimekaa hapo karibu. Mpaka leo nikiwa namgeuza mzee kitandani, na hakuna anayenitazama, kinanijia, na mikono yangu inakwenda taratibu.

Ni mimi binti yako,
Tumaini