Kiti cha Mpiga Dramu

Jumapili, 18 Februari 1968

Naandika Kiswahili kwa sababu Shangazi Champa hakijui. Yeye alikuja hapa kwa Waingereza, Thornton Heath, moja kwa moja kutoka India, na kila karatasi yangu huisoma. Akijua kwamba Jumapili siendi kufua mashuka hospitali, naenda kupuliza tarumbeta kwa Miss Winifred—nitalala nje.

Leo Miss Winifred katuonyesha picha. Wakati wa vita, bendi ya jazz ya wanawake peke yao, kumi na wanne, yeye katikati na saksafoni yake. Waliwapigia askari, walipiga viwandani, hata mabomu yakianguka. Vita vikaisha, wanaume wakarudi. Mwenye ukumbi wa dansi akawaambia asanteni, nendeni mkapike. Tangu hapo anafundisha watoto wa shule filimbi. Miaka ishirini na mitatu!

Sasa anataka bendi tena. Tupo saba. Hatuna mpiga dramu. Nikamwambia yupo: mdogo wangu wa kike, Jaya, yuko Mombasa. Tulijifunza pamoja nyuma ya duka la gramafoni la baba. Wateja walidhani ni santuri inalia.

Alhamisi, 22 Februari

Redio. Serikali ya huku inaleta sheria ya kutuzuia kuingia, sisi Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza. Wametoa wenyewe hizo pasipoti! Nimeunguza chapati mbili. Nimempelekea Jaya telegramu: nenda Nairobi, panda ndege yoyote.

Jumapili, 25 Februari

Bwana Pocock, meneja wa ukumbi tutakaopigia, kaja mazoezini. Kasema tunapiga vizuri—kwa wanawake. Dansi ya kwanza ni Jumamosi, saa nane mchana. Lakini bila dramu hakuna dansi. Ana mpwa wake anayepiga, na tukikosa wetu, huyo mpwa ndiye atapiga na kuongoza bendi.

Miss Winifred kawa mwekundu mpaka masikioni. Akamjibu kwamba mpiga dramu wetu yuko njiani. Kisha akaniuliza chini chini, ni kweli? Nikasema kweli. Mungu wangu, hata sijui!

Jumanne, 27 Februari

Jaya kapiga simu kutoka Nairobi. “Dada, airport watu wanalala sakafuni na masanduku yao. Kuna kiti kimoja tu, cha Ijumaa.” Nikamwambia kichukue. Laini ikakatika.

Ijumaa, 1 Machi

Sheria imepita. Bungeni siku tatu tu! Kuanzia leo, asiye na baba au babu aliyezaliwa huku lazima awe na kibali. Babu yetu kazaliwa Porbandar, India.

Ndege ya Jaya inaruka jioni. Asubuhi nilisimama posta na fomu ya telegramu mkononi. USIJE. Au NJOO. Mtu nyuma yangu akakohoa. Nikaandika NJOO.

Nimemfanya nini mdogo wangu?

Jumamosi, 2 Machi

Airport. Naandika juu ya goti. Ndege ilitua saa mbili asubuhi. Abiria wote wametoka, Jaya hajatoka. Nimemwona mara moja mlango wa maafisa ulipofunguka—sari ya bluu, hana koti, na baridi hii! Kaniita “Dada!” Mlango ukafungwa.

Saa sita. Nimempigia Miss Winifred kumwambia sitafika. Kasema mpwa wa Pocock kishafika, anafunga dramu jukwaani. Kaa na mdogo wako, kaniambia.

Saa nane kasorobo. Afisa kaniita. Pasipoti ya Jaya ni halali, lakini haimwingizi. Watamrudisha na ndege ya jioni. Wamrudishe wapi? Kule Kenya si raia, hana tena ruhusa ya kufanya kazi! Nimelia mbele yake, sikuona haya.

Akauliza kama kuna kazi inayomsubiri hapa. Nikasema ipo. Kazi gani? Kupiga dramu, bendi ya jazz.

Akainua kichwa. “Mwanamke?”

Nikamwambia mimi napuliza tarumbeta. Hakucheka. Kasema mwenye kazi akithibitisha kwa simu, atakwenda kumuuliza mkubwa wake. Hakuahidi kitu. Nikampa namba ya ukumbi. Sina nyingine! Miss Winifred saa hii yuko jukwaani. Simu iko ofisini kwa Pocock, na atakayeipokea ni yeye.

Afisa anazungusha namba. Nimemwomba niseme mimi kwanza, kakataa kwa mkono. Kaweka simu sikioni.

Inaita.