Bwana yangu anataka kuposa musichana wa kujaribia, juu ya programu ya viti

Tantine Charlotte, salamu kwako kule radio. Unisomee barua hii lakini usitaje kartie yetu, mutaa tunaoishi, juu huku watu wanajuana, na unisaidie mbio juu siku ya samedi inakaribia, na mimi niko naandika na mukono moja, ule mwingine umeshika mutoto anayeota meno, kwa hiyo kama mustari unaenda upande, usinihukumu.

Bwana yangu Olivier anatengenezaka programu za ordinateur, ile kompyuta. Mama yangu mukubwa Emerance naye iko na dépôt ya kukodisha viti, bâche za kivuli na masufuria kubwa, vya mariage, ile ndoa, na vya kilio, na mimi njo nilimwambia, mama mukubwa, pea bwana yangu kazi, atakuwekea mambo yako yote mu ordinateur, viti havitapotea tena, akakubali. Olivier akajifungia mu chumba, hakuuliza mutu hata moja, akatoka na programu nzuri ya kumetameta, na siku ya kwanza tu ikatuma message kwa familia moja ya Mudzi-Pela, maiti ingali ndani ya nyumba: «Félicitations! Hongera! Asante kwa kusherehekea na siye. Viti virudi kesho asubuhi.» Juu kwake viti ni viti, aliweka mariage na kilio mu kapu moja! Na weye unajua, huku kwetu viti vya kilio haviulizwi, vinakaa mpaka familia yenyewe iseme tumemaliza. Mama mukubwa alienda kuomba musamaha, wakamuonyesha mulango.

Olivier aliona haya, ile siku hakukula. Kisha akasoma mu internet njia moja ya kufanya kazi, ku kifaransa wanaiita conception pilotée par le domaine. Akanielezea vizuri kabisa, akasema kabla ya kugusa ordinateur unajua kwanza kazi, ile njo domaine, namna wenyewe wanaijua, unatumia maneno yao wenyewe, na kila upande wa kazi unaupa mupaka wake, mariage pale, kilio huku. Nikafurahi. Nikasema Mungu amenisikia.

Kumbe! Akaanza kuenda ku vilio. Tantine, vilio vya watu tusiowajua! Anakaa kiti cha mbele, analia kupita wenye maiti, anarudi na harufu ya mbuzi ku shati, na mimi nimekula majani ya sombe ya jana. Nikimuuliza anasema, «Chérie, mimi sikufuata chakula, ninajifunza domaine.» Kuko familia moja ilimuweka mu mustari wa wajomba, wakamuomba aseme neno juu ya marehemu, na akasema, na watu wakalia! Sasa wanamuitaka muzee Olivier, na hana hata ndevu. Mama mukubwa anamungojea dépôt kila asubuhi amuonyeshe kazi, yeye hafiki, iko ku kilio.

Sasa jambo lenyewe. Juzi alisema domaine ya kilio ameijua, imebaki ya mariage. Nikamwambia, basi enda uangalie mariage. Akasema hapana, kuangalia haitoshi, lazima aiingie ndani, kuanzia kuposa. Nikamuuliza, «Kuposa nani?» Akajibu bila kupepesa macho, «Alliance, mutoto wa rafiki ya baba yangu, wa Nyankunde. Ni ya kujaribia tu, chérie. Nikishaona hatua zote, nitaifuta.»

Tantine, atamufuta mutoto wa watu!

Mbuzi amekwisha kununua, ameifunga nyuma ya jikoni, inanikulia nguo ku kamba. Rafiki yake Augustin njo musemaji wa kuposa. Samedi wanapanda pikipiki, wanasema barabara imetulia kidogo, waende kabla haijachafuka tena. Nikamuuliza, «Na mimi?» Akasema, «Weye uko mu domaine ingine, mupaka iko wazi.»

Simuchukii. Ananitekea maji bila kuagizwa, na mutoto akimuona anacheka na zile fizi zake. Lakini kama wazee wa Alliance wanapokea ile mbuzi, kwetu ile si kucheza, ile ni neno. Nimuache aende juu ya kazi yake, ama nifunge mizigo niende kwa mama?

Ni mimi Kavira, mama Elysée, Bunia.

*

Mama Elysée,

Pole kwanza ya meno. Osha kidole vizuri, musugulie mutoto ufizi polepole, atakuacha hata kidogo usome hii. Barua yako nilicheka nayo mpaka Nyankunde. Pale niliacha kucheka.

Mizigo, fungua. Weye hauendi popote. Mwenye kutoka mule nyumbani ni mbuzi.

Nianze na weye, na usinune. Bwana alienda kilio ya kwanza, ukamuuliza tu. Akaenda zingine, ukamuuliza tena, ukakula sombe yako ya jana. Mungu alikusikia, sawa, lakini Olivier pia iko na masikio. Ungemwambia acha.

Sasa soma kwa sauti, asikie hata kama anajifanya amelala.

Baba Elysée! Ile njia ulisoma si mubaya. Kujua kazi ya watu kabla ya kuandika, ni akili. Lakini waliandika wapi kama mutu wa programu ya hospitali avunjike muguu kwanza? Wa programu ya gereza, aende kuiba? Unakaa na wenye kazi, unauliza, unanyamaza, unauliza tena. Ni ile tu. Na tena umekosa kazi yenyewe. Mama Emerance haozeshi watu! Haziki watu! Anakodisha viti. Anajua kiti gani kinaenda wapi, kinarudi lini, nani anaulizwa na nani haulizwi. Ile njo domaine yako, na umezunguka mji muzima ukiiacha dépôt.

Na ule mupaka uliupenda sana: uliwekwa ili mwenye kilio asipate félicitations. Haukuwekwa ili muke yako akae ngambo moja na weye ngambo ingine na mbuzi. Musichana wa Nyankunde si kiti. Mama yake atapika, mashangazi watashona vitenge, kanisa muzima itajua. Kisha utawatumia message gani? «Asante kwa kujaribu na siye»? Kaka zake watapanda pikipiki nao, na hawatakuja kuuliza juu ya programu. Siye huku tuko na amani kidogo, bado tunaishika na mikono mbili. Usituvunjie juu ya viti vya plastiki.

Mama Elysée, fanya hivi. Leo, si kesho, pigia Augustin simu, mwambie safari imekufa. Akibisha, umuulize kama muke yake anajua anaenda kusemea nani. Bila musemaji hakuna kuposa. Mbuzi, Olivier mwenyewe ashike kamba, aipeleke kwa ile familia ya Mudzi-Pela, aombe musamaha kwa kinywa chake. Asilie. Akilia watamuweka tena mu mustari wa wajomba.

Lundi asubuhi umufikishe dépôt. Akae karibu na Mama Emerance, abebe viti naye, aandike namna mama anasema, si namna yeye anafikiri. Upande wa kilio peke yake, upande wa mariage peke yake. Na message hata moja isitoke kabla mama mukubwa hajaisoma. Mwambie na mama mukubwa avumilie maulizo ya kijinga, yatakuwa mengi, na mazuri yatatoka mu yale ya kijinga. Kama kazi inamushinda Olivier, mwenyewe aseme imemushinda, hakuna mutu atakufa. Lakini sizani, mutu wa kuliza watu asiowajua hivi, kusikiliza anajua, anakosa tu wa kumusikiliza.

Na samedi, ile saa wangepanda pikipiki, mupe Olivier mutoto mikononi, ingia chumba, ulale. Asikuamushe.

Tantine Charlotte