Saa Iliyoanikwa Juu ya Bati

Baraza Kuu la Ukoo, baada ya kikao kirefu na kizito, linautangazia umma kumbukumbu hii. Baraza lenyewe ni watu watatu na chupa ya chai.

Mwaka umetimia leo, Baba Mkubwa Aminiel, tangu utuache hapa Moshono. Hatukumbuki siku uliyonuna.

Ulipostaafu ualimu wa kemia, ulianza kukarabati saa za namba zisizo na mishale, zile zilizojaa mjini tangu serikali iliporuhusu bidhaa za nje. Zikiachwa juani, kioo kizima kinakuwa cheusi. "Kosa ni la ule ute ulio kati ya vioo, unaoonyesha namba," ulisema. "Hauvumilii joto. Nitatengeneza mwingine."

Ukachemsha ubongo wa ng'ombe kutoka Oldonyo Sambu, ukatoa mafuta yake, ambayo ulisema yanazaa ute kama ule, ukayachanganya na dawa za maabara. Mama Mkubwa Namnyaki akahamishia jiko lake uani.

"Wenzako wakistaafu wanafuga kuku!"

"Jogoo anajua alfajiri tu, mke wangu. Saa nane mchana hana habari."

Miaka minne ukachemsha. Hatimaye Reginald, muuza saa wa mjini, akaahidi: saa yenye ute wako ikikaa juu ya bati siku tatu bila kuwa nyeusi, ataupeleka kwa wenye kiwanda. Ulinzi akapewa Nalepo, binti wa mdogo wako, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Msichana mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano, kwa maneno yake mwenyewe.

Siku ya tatu namba zilikuwa wazi kabisa. Ulicheza uani hadi kandambili zikakatika.

Juzi, tukitafuta picha yako, Mama Mkubwa alifungua daftari lako akasoma kwa sauti: "Siku ya tatu saa imefunikwa gunia lenye maji. Nalepo amenihurumia. Nimemwomba Reginald asubiri. Nimerudia mwenyewe, siku tatu za jua kali. Namba zimebaki! Ute umeenda kiwandani. Mtoto nisimwambie, ana furaha mno."

Mama Mkubwa akanitazama. "Wewe mwandishi, na hilo liandike."

Wanaokukumbuka ni mke wako Namnyaki, mdogo wako Gadiel, rafiki yako Reginald, na Nalepo, ambaye ni mimi. Hatutakusahau kamwe.

Shikamoo, Baba Mkubwa. Gunia niliweka mimi. Niliogopa utaaibika mbele ya Reginald.