Makofi ya Muturi

Becky, weka kazi chini. Tuko kwa mum hapa Kabazi, na Sue, bibi ya bro yangu Muturi, amejifungia kwa choo na hatoki.

Unakumbuka ile semina yake ya furaha, ya kule Free Area? Ati ubongo unafundishwa kutafuta mazuri mpaka unazoea. Sasa leo tukikula, akasema tuzunguke meza, kila mtu aseme kitu moja inampa furaha. Hakuna kubishia mtu. Ukimaliza, unapigiwa makofi.

Mzee wetu akaanza. Ng'ombe yake imezaa ndama jike. Makofi! Waah, Sue aling'aa. Tangu aolewe hapa hajawahi kusikizwa hivyo.

Ikafika kwa mum. Akafuta mikono, akatabasamu, na ile sauti yake ya maombi akasema, "Mimi nashukuru Mungu vile hajampa Sue mtoto. Muturi akitaka kuanza upya, hakuna kitu ya kumshikilia."

KUANZA UPYA, Becky! Na bado anatafuna chapati za Sue!

Aki, Sue hakulia. Aligeuka tu akamwangalia Muturi, akangoja bwana yake aseme kitu. Hata neno moja. Mzee mwenyewe aliinamisha kichwa, mimi nikashindwa nitaangalia wapi.

Kuanza upya, nakwambia.

Muturi akaweka kijiko chini polepole, akapiga makofi.

Peke yake.