Waliong'oa Magurudumu ya Nyumba Yako

Kaka Baluku,

Siku ya kumaliza matanga, kabla majani ya migomba tuliyokalia hayajakauka, walileta jeki na spana wakang'oa magurudumu ya nyumba yako. Nakwambia hili kwanza kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza. Hungeuliza nani alilia sana. Ungeuliza, "Biira, trela yangu iko wapi, na nani anaivuta?"

Kaa nikueleze. Sitapamba kitu.

Hotuba zilikuwa nyingi mno. Watu wale wale waliokuita Konokono kwa miaka yote ile, kwa sababu ulikuwa unavuta nyumba yako nyuma ya gari, walipanga foleni kushika kipaza sauti. Mzee Kule, mwenyekiti wa ukoo, alisema ulikuwa injinia. Injinia! Huyu ndiye aliyekuwa akisimama barabarani pale Kilembe akipaza sauti, "Konokono, jana ulilala wapi?" halafu anacheka mpaka anakohoa. Sasa alipangusa macho kwa leso safi. Nilimwangalia nikajiambia, kumbe kwa watu hawa mtu hupata akili siku anapoacha kupumua.

Na mimi? Mimi nilikuwa mbaya zaidi, maana wao walicheka kwa mdomo, mimi nilicheka gazetini. Nilikuwa nimesoma majarida ya watalii, na niliona wanavyopita hapa Kasese na magari yao ya milimani, wanavuta vijumba vyeupe vyenye pazia, wameacha majumba ya vyumba sita kwao ili waje kulala kwenye kisanduku na kuita hilo uhuru. Nikaandika kwamba ni ugonjwa wa watu waliovimbiwa, na kwamba sasa Mkonzo mmoja naye ameambukizwa. Kila mtu alijua Mkonzo huyo ni nani. Ulinisomea makala yangu mwenyewe kwa sauti, polepole, ukiwa umekaa kwenye kizingiti cha kijumba chako, kisha ukasema, "Biira, wale wanakimbia nyumba. Mimi nakimbia mto."

Nikakwambia chai yako haina sukari.

Mto Nyamwamba ulikuwa umeichukua nyumba yako ya matofali yote, na mlango, na redio, na mbuzi wa wifi Masika. Watu wengine walijenga tena palepale wakamwachia Mungu. Wewe ulisubiri mpaka watalii fulani walipovunjikiwa kiungo cha trela njiani kuja Kilembe, ukawachomelea, na walipokukaribisha ndani unywe kahawa hukunywa. Ulipima. Ulipima kitanda kwa shubiri na dirisha kwa kiwiko. Ukatafuta mabati mazito ya mgodini, ekseli ya pikapu iliyokufa na godoro la futi nne, na ukaunganisha vyote nyuma ya landkruza yako kuukuu. Msimu wa mvua, mto ukianza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, unafunga kiungo, unafunga mnyororo, unamvuta mkeo na sufuria zake mpaka mahali pa juu. Mto ukitulia, unarudi, kwa sababu shamba lake la maharage liko pale na wateja wake wa uji wako pale. Akili kama hiyo sijaikuta katika kitabu chochote, na nimesoma vingi.

Sasa sikia walivyofanya.

Katika ukoo wetu unajua sheria: nyumba hubaki na mjane mpaka afe, vya chuma huenda kwa mdogo wa marehemu. Hapo ndipo walipokwama. Wanaume kumi na mmoja, watu wazima, wenye wake na mashamba, walikaa mchana mzima wakijadili kama kitu chako ni nyumba au ni gari. Mmoja alisema kina mlango, kwa hiyo ni nyumba. Mwingine akasema hata gari lina mlango. Mwingine akauliza, "Kina jiko?" Wakatuma mtu akachungulie. Akarudi na kusema jiko lipo, la sufuria moja. "Sufuria moja si jiko," akasema Mzee Kule, "hiyo ni safari." Wakaafiki kwa kutikisa vichwa kana kwamba amenena nabii.

Nilisimama. Nikasema kitu hicho ni nyumba na gari kwa pamoja, ndiyo maana marehemu alikitengeneza, na ukikigawa umekiua. Bwambale, ndugu yetu, mwenye jina la mwana wa pili na wa pili kwa kila jambo, akasema, "Dada, wewe umesoma mno. Kaa." Wakacheka. Nikakaa, si kwa sababu aliniambia, bali kwa sababu wifi Masika alinivuta gauni.

Hukumu yao ilikuwa hii. Nyumba inayotembea si nyumba. Kwa hiyo itengenezwe iwe nyumba: ing'olewe magurudumu, ikalishwe juu ya mawe manne palepale ilipo, kando ya mto. Mjane amepata nyumba yake. Magurudumu, ekseli na landkruza ni vyuma, basi ni vya Bwambale. Wakapigana mabega wakijipongeza kwa haki. Masika hakusema kitu siku ile ila maneno mawili: "Na mto?"

Mzee Kule akamjibu, "Mto tutauombea."

Kaka, nimewahi kubishana redioni na wanasiasa wanaodanganya hadi usingizini. Hakuna aliyenichefua kama mzee yule aliyechukua miguu ya mjane na kumpa maombi badala yake. Na walijua. Kila mmoja wao aliwahi kuuona ule mto ukibingirisha mawe makubwa kama majiko.

Bwambale alipiga mbao juu ya ekseli yako, akapata mkokoteni, akaanza kubeba saruji na sabuni kutoka Kasese mpaka Mpondwe mpakani. Nilimwona akipita kwetu Kisinga. Alikuwa amepanga mzigo wote nyuma kabisa, ili ashushe haraka. Trela ilikuwa inayumba huku na huku, na landkruza yako imeinamisha pua kama ng'ombe anayenyanyuliwa mkia. Wewe ulinifundisha tangu siku ya kwanza: uzito kidogo mbele ya ekseli, la sivyo trela ndiyo itakayoendesha gari. Yeye hakuwahi kukuuliza. Alidhani kuvuta ni kukanyaga mafuta.

Kisha mvua za milimani zikaanza. Masika alinipigia simu asubuhi. Hakulia. Alisema, "Wifi, maji yamebadilika rangi. Nimepandisha godoro mezani."

Nikachukua boda mpaka Bwera, na kutoka hapo mpaka Mpondwe. Ilikuwa siku ya soko. Sikuhitaji kumtafuta Bwambale, maana kelele zilinipeleka. Alikuwa ameingia kwenye kichochoro cha maduka akakutana uso kwa uso na lori la ndizi, na ilimbidi arudi nyuma. Kaka, laiti ungemwona! Akikata usukani kulia, trela inaenda kushoto. Anasonga mbele, anajaribu tena, trela inakunja kama goti. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Wapagazi wa ng'ambo, upande wa Kongo, walikuwa wamepata sinema ya bure. "Patron, mukia iko inakuendesha!" Mwingine: "Washa maombi, papa, usukani imekataa!" Askari mmoja akapiga bodi kwa fimbo: "Wewe! Toa takataka hapa! Mara moja!"

Nikafungua mlango. Nikamwambia, "Toka, nikusaidie."

Alitoka haraka kuliko nilivyotarajia. Nikaketi kwenye kiti chako. Ulinifundisha kwenye kiwanja cha mpira cha Kisinga, jioni nne mfululizo, siku zile nilipokuwa nakudharau na wewe unanifundisha vilevile. Shika usukani chini, Biira. Mkono uende kule unakotaka trela iende. Usiwe na haraka, gari halijui kama umesoma. Nikashika chini. Nikarudisha nyuma hatua kwa hatua, kati ya duka la vitenge na magunia ya kahawa, bila kugusa kitu. Mama mmoja muuza samaki akapiga kigelegele: "Mwanamuke iko anajua!"

Nilipotoka kichochoroni nikawaambia wapagazi washushe saruji na sabuni mbele ya duka la mteja wake, kila kipande, ili mtu asiniite mwizi. Bwambale alidhani namfanyia hisani. Akanyoosha mkono: "Asante dada, leta ufunguo."

Nikaweka gia ya kwanza.

Alikimbia kando ya dirisha, tumbo likimtangulia. "Biira! Nitakupeleka kwa wazee!"

"Nipeleke," nikamwambia. "Lakini itabidi upande boda."

Nilicheka mpaka Kisinga. Baada ya Kisinga nikaanza kulia, na nikaona vibaya kulia ndani ya gari lako lenye harufu ya mafuta yako na kofia yako bado imening'inia, kwa hiyo nikaacha. Nilifika Kilembe jua likiwa bado juu. Ule mto ulikuwa unanguruma. Fundi yuleyule aliyelipwa kung'oa magurudumu alikuja bila kuitwa, hanitazami usoni, akaanza kubandua mbao za Bwambale. Majirani walinyanyua nyumba kwa jeki mbili na magogo. Wale waliokuita Konokono, ndiyo. Sikuwashukuru. Niliwaambia wakaze nati.

Tuliiondoa kabla ya magharibi, tukaivuta mpaka kwetu Kisinga. Masika alikaa mbele na sufuria zake mapajani, kwa maana ulikataza mtu kupanda ndani ya trela ikivutwa, na njia nzima alisema neno moja tu: "Polepole." Siku mbili baadaye maji yalipita juu ya yale mawe manne. Sasa hata mawe hayapo.

Mzee Kule amesema kanisani kwamba Mungu alimlinda mjane. Sikatai. Lakini niliyekuwa kwenye usukani ni mimi, na aliyeweka mawe kando ya mto ni yeye.

Na wewe pia nina neno nawe. Usidhani kufa kumekuokoa na ulimi wangu. Uliandika kwa chaki kwenye bati la ndani uzito wa kila safari. Uliandika siku ya kubadilisha grisi. Lakini karatasi moja, mistari mitatu, kwamba gari na nyumba ni vya Masika kwa pamoja, hukuandika. Uliwaamini. Ulimwamini Bwambale! Na mimi ninayeandika mpaka vidole vinauma, ninayewafundisha watoto wa watu kuandika barua za kuomba kazi, sikuwahi kukukalisha chini nikakwambia, kaka, andika. Nilikuwa na kazi muhimu zaidi. Nilikuwa nakutania gazetini.

Hapo naomba nisiendelee.

Wameniita. Jumamosi, Karambi, nyumbani kwa Mzee Kule, nikajibu kwa nini nimeiba mali ya mrithi. Nitakwenda, na nimejitayarisha. Fundi ameshachomelea nati zote, ekseli na fremu ni kitu kimoja sasa, hakuna spana ya ukoo itakayovitenganisha. Wakitaka kugawa, walete msumeno, na wakate mbele ya macho ya mjane, mchana, watu wakiona. Nataka nimwone atakayeushika.

Lakini sitakuwa nimeshika usukani. Kila jioni wiki hii, hapa Kisinga, Masika amekuwa akifanya mazoezi ya kuendesha. Siku ya kwanza alikata kamba ya nguo za jirani. Siku ya pili aligonga mlingoti wa goli na akashuka akauomba msamaha. Nilicheka, akaniambia, "Wifi, hukuzaliwa na usukani mkononi, nyamaza." Umemjua miaka mingi, kwa hiyo unajua kwamba mtu akishaambiwa hivyo na Masika hafungui tena mdomo. Jana alirudi nyuma kiwanja kizima, akazunguka, akaegesha sawasawa. Alizima gari, akafuta vumbi kwenye dashibodi kwa kiganja.

Kwa hiyo Jumamosi yeye ndiye atakayeingia na nyumba yake katika uwanja wa Mzee Kule, na mimi nitakaa pembeni yake na hoja zangu.

Lala, kaka. Nakuahidi jambo moja, na unajua mimi ni mtu mbaya lakini ahadi zangu hazina kasoro: mkeo hatamwomba mwanamume yeyote amvute tena kutoka mtoni. Wala mimi hataniomba.

Dada yako,
Biira